Neno Moja katika Ripoti ya Shangazi

Shangazi yangu, mkazi wa Frere Town, aliificha ripoti ya maabara chini ya godoro kwa majuma sita baada ya upasuaji wake. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, naye alilitambua neno moja tu, lile ambalo mitaani hutamkwa "positivu". Kwetu neno hilo lilikwisha kutekwa na UKIMWI zamani. Akaamini ana maradhi mawili, na hayo ya pili yakamtia haya kuliko saratani yenyewe. Vidonge vyake vya tamoksifeni havikuguswa.

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili, si wa tiba. Hata hivyo ndimi niliyeitwa kusoma. Nilipoona kuwa kilichoitwa "positivu" ni vipokezi vya estrojeni, nilishusha pumzi, kisha nikakwama. Nitamwelezaje?

Nikaanzia na kengele. Mji huu ulianzishwa na wamisionari wa CMS katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa walioachiliwa huru, na wazee husimulia kwamba kengele ya pale Kengeleni ilipigwa kuwaonya watu majahazi ya watumwa yalipoonekana. Estrojeni, nilimwambia, ni mlio. Kipokezi ni sikio lililomo ndani ya seli. Sikio likisikia, hushika sehemu maalumu za DNA na kuziamsha jeni zilizolala. Miongoni mwazo imo jeni ya saiklini D1, inayoihimiza seli kugawanyika. Katika titi lenye afya kazi hiyo hufanywa kwa kiasi. Katika uvimbe wa aina hii, mlio uleule huukuza ugonjwa. Hata kipokezi cha projesteroni, kilichotajwa pia katika ripoti, hutokana na jeni inayoamshwa na estrojeni; kuwapo kwake ni dalili kwamba sikio lingali linafanya kazi.

"Kumbe kidonge ni pamba ya masikio," akasema.

Sikuweza kuuboresha mfano huo. Tamoksifeni hukalia nafasi ya estrojeni katika kipokezi. (Mfano unachechemea kidogo: katika mji wa mimba kidonge hichohicho chaweza kuamsha badala ya kuzuia, ndiyo maana damu isiyotarajiwa haifai kunyamaziwa.) Wapo pia wagonjwa ambao baadaye jeni ya kipokezi, ESR1, hubadilika, sikio likawa linasikia pasipo mlio. Hilo sikumwambia siku ile.

Kesho yake nilimsindikiza kliniki, akaanza vidonge, kimoja kila siku, kwa miaka isiyopungua mitano. Jioni akaniomba nimwandikie yale maneno kwa Kiswahili nyuma ya ripoti. Nikaandika kama tufundishwavyo: "chanya kwa vipokezi vya estrojeni".

"Chanya?" akauliza. "Saratani ina uchanya gani, mwanangu?"

Nikalikata neno, nikaandika "uvimbe wenye vipokezi vya estrojeni". Ripoti hiyo sasa iko juu ya kabati, kando ya vidonge.