Chozi, Kunguru na Mama Mkwe

Akina mama wengi wa Dar es Salaam tunalalamika kwamba siku hizi uani hakuna ndege ila kunguru. Malalamiko hayo yana ukweli, lakini si ukweli wote. Nyumbani kwetu, penye mpapai mmoja, mndimu na kamba za kuanikia nguo, tumekwisha kuwatambua ndege wa aina saba, na haikutugharimu zaidi ya konzi ya mtama na bakuli la maji.

Mtama tunaumwaga asubuhi, kiasi cha kumalizika kabla jua halijawa kali. Kwanza hushuka shomoro, kisha tetere wawili wawili, na nyuma yao mnana wenye kelele. Shore hana haja na mtama, yeye hungoja papai liive. Jambo kubwa ni utulivu. Wiki za kwanza waliruka wote tulipofungua tu mlango. Sasa shomoro huokota hatua mbili kutoka miguuni pa mama mkwe, akiwa amekaa pale pale anapochambulia mchele kila siku.

Kuhusu maji, sisi wauguzi ni waoga. Jiji letu lilipata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake hutaga kwenye vyombo vya maji majumbani. Basi bakuli humwagwa kila asubuhi na kusuguliwa kingo kwa brashi, maana mayai hayo hung'ang'ania ukutani mwa chombo.

Makombo hatuweki kabisa. Hayo ndiyo karamu ya kunguru mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 na kuenea pwani yote. Si yule wa kwetu mwenye kifua cheupe. Huyu mgeni hula mayai na makinda ya ndege wengine bila huruma.

Novemba 2023 chozi jike alianza kujenga katika mndimu. Alileta nyasi kavu na nyuzi za buibui, akashona mfuko unaoning'inia, wenye tundu ubavuni na kijibaraza juu yake. Dume lake, linalong'aa kama hariri, lilikaa kwenye waya likiimba tu. (Tulicheka, akina mama mnajua kwa nini.) Lakini makinda wawili walipoanguliwa, naye alileta wadudu. Watu hudhani chozi hunywa asali ya maua tu, kumbe makinda hulelewa kwa wadudu na buibui. Ndiyo maana bustanini hatupulizi dawa.

Kisha kunguru wawili wakaanza kutua ukutani. Vijana wetu wakatengeneza manati. Mama mkwe akawanyang'anya.

"Someni Luka 12," alisema. "Bwana aliwataja kunguru kwa jina. Huyo chozi wenu hakutajwa."

"Lakini Bibi, hao wa Luka hawakula watoto wa jirani," akajibu mjukuu mmoja.

Mjadala ule ulitufuata hadi mezani, hata baada ya sala ya jioni, na baba mwenye nyumba hakuthubutu kumpinga mama yake. Tukakubaliana hivi: pipa la taka lifunikwe kwa jiwe juu, samaki waparuliwe ndani, na mtu akae barazani. Kazi hiyo Mama aliichukua mwenyewe, na fimbo yake mkononi. "Kufukuza si kuua," alisema. Tangu alfajiri hadi magharibi alikuwa pale, yeye ambaye tangu afiwe na mumewe tulikuwa tukimbembeleza atoke chumbani.

Jumapili moja tulirudi kutoka kanisani tukakuta kinda mmoja tu. Vijana wakamtupia macho kunguru aliyekuwa kwenye waya.

"Mmemwona?" Mama akauliza. Wakanyamaza. "Basi msimshuhudie."

Hata hivyo usiku ule hakula. Siku nne baadaye yule aliyebaki alichungulia tunduni, akarukia kamba ya nguo, akayumba, kisha akaenda zake ng'ambo ya ukuta na mama yake nyuma.

Kile kiota kikavu Mama hataki kiondolewe. Na kuna kunguru mmoja anayekuja saa moja kunywa maji bakulini. Mama humwacha anywe ashibe, halafu humwonyesha fimbo.