Sinia la Shangazi Mombasa

Likizo ya Agosti, mimi na jamaa yangu tuliabiri garimoshi hapa Nairobi, tukaenda Mombasa kumjulia hali shangazi yangu. Mfukoni nilikuwa na nauli, na moyoni nilikuwa na onyo la daktari: shinikizo la damu limepanda, punguza chumvi na mafuta.

Jioni ya kwanza binamu zangu walitupeleka Mama Ngina, mahali ambapo wenyeji hupaita Lighthouse. Meli ilipita polepole ikielekea Kilindini. Karibu na mibuyu, wachuuzi walikuwa wamepanga viazi karai, mihogo ya kukaanga na madafu. Niliapa kwamba nitakunywa dafu tu. Lakini kila mkono ulikuwa ukichovya kiazi katika ukwaju, nami ningekaa vipi nikiwatazama? Nilimaliza sahani moja, nikaagiza ya pili. Hapana aliyenilazimisha, wala njaa sikuwa nayo.

Kumbe si mimi peke yangu. Mwaka wa 2007, wataalamu Nicholas Christakis na James Fowler walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 12,000 uliochipuka katika mji wa Framingham, Marekani. Waliona kwamba rafiki wa mtu aliponenepa kupita kiasi, uwezekano wa mtu huyo kunenepa vilevile uliongezeka kwa asilimia 57.

Kesho yake tulialikwa chakula cha mchana kwa shangazi, mtaani Majengo. Shangazi ana kisukari. Jamvi lilitandikwa, sinia likaletwa: wali kidogo pembeni, samaki wa kuchoma, na mnavu tele. Niliwatazama watoto wangu kwa wasiwasi. Mnavu ndio managu, mboga ile ile wanayoikimbia nyumbani! Lakini wajukuu wa shangazi walikuwa wakiimega bila maneno. Binti yangu alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akatia mkono.

"Shangazi, umewafunzaje hawa?" niliuliza.

"Sikuwafunza, mwanangu. Daktari aliponikataza vyakula, nilikataa kupikiwa chungu changu peke yangu. Nilisema, nilacho mimi ndicho tulacho sote."

Maneno hayo yalinichoma. Nyumbani kwangu, mboga yangu isiyo na chumvi hupikwa katika sufuria ndogo, wenzangu wakila chipsi. Nami huishia kudokoa katika sahani zao. Tulikuwa tumeitenga dawa kana kwamba ni adhabu ya mgonjwa.

Tuliporudi Nairobi, mke wangu aliirudisha ile sufuria ndogo kabatini. Siku hizi twapika chungu kimoja, na anayetaka chumvi zaidi huifuata jikoni mwenyewe. Watoto walinung'unika wiki ya kwanza, kisha wakazoea.

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Safari hii, dawa aliipata mgeni.