Koki na Geji za Kiwanda cha Pareto

Nilipoanza kazi ya ufundi katika kiwanda cha pareto, mwanzoni mwa miaka ya 1980, koki ilichaguliwa kwa swali moja: inaingia kwenye bomba au haiingii? Bomba likiwa la inchi moja na stoo ina koki ya inchi moja, kazi imekwisha. Geji nayo ilikuwa geji tu, mradi mshale unacheza na kioo hakijapasuka. Huo haukuwa uzembe. Vipuri vilikuwa adimu, fedha za kigeni zilipatikana kwa taabu, na fundi aliyesifiwa ni yule aliyeweza kuendesha mtambo kwa vilivyopo. Nimeliona swali lile likibadilika mwaka hadi mwaka, na naamini mabadiliko hayo yametulinda kuliko mashine yoyote mpya tuliyofungiwa.

Kazi yenyewe ni hii. Maua makavu husagwa, kisha heksani hupitishwa kwenye unga wake. Heksani huondoka na pairethrini, yaani ile sumu ya wadudu, ambayo kwenye ua kavu huwa kama asilimia 1 hadi 2 tu. Baadaye heksani huvukizwa na kurudishwa tangini, yakabaki mafuta mazito ya rangi ya giza. Hatari yote imo kwenye hiyo heksani. Inachemka kwenye nyuzi 69, mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni hadi kwenye mitaro. Ukifikia asilimia 1.1 tu ya hewa, cheche moja inatosha.

Fundi mkuu wa zamu, mzee aliyenilea kikazi, alikuwa akipita kwenye mabomba anaijua koki mbovu kwa harufu. "Kijana, hiyo inatoka jasho. Lete spana ya shaba," alikuwa akisema, maana spana ya chuma ingeweza kurusha cheche. Koki zetu nyingi zilikuwa za kuzungusha gurudumu. Akishahakikisha bomba halina presha, mzee alilegeza nati ya shina, akachomoa kamba iliyochakaa, akazungushia kamba mpya yenye grafiti, kisha akakaza robo kwa robo, akinusa kila baada ya robo, mpaka jasho likakauka. Nilijifunza kwake kwamba nati ikikazwa kupita kiasi shina hukwama, na koki isiyofungika siku ya hatari ni sawa na kutokuwa na koki.

Baadaye zikaja koki za tufe, zinazofungwa kwa robo mzunguko. Mpini ukilala sambamba na bomba, njia iko wazi, ukikatiza, imefungwa. Mtu anaiona hali ya koki akiwa mbali, hahitaji kuhesabu mizunguko. Lakini koki hizo zilikuja na maswali ambayo stoo yetu haikuwa imezoea kuulizwa. Mpira wa ndani ni wa aina gani? Ule uitwao EPDM hufaa sana kwa maji ya moto, lakini kwenye heksani huvimba na kulainika, Viton huvumilia. Je, tufe lililokaa juu ya Tefloni limeunganishwa na mwili wa koki kwa kispringi, ili umeme tuli usijikusanye? Na moto ukiyeyusha Tefloni, kuna chuma nyuma yake cha kuendelea kuziba? Hapo ndipo tulipoacha kuuliza koki inaingia wapi, tukaanza kuuliza itakutana na nini.

Mtihani mkubwa ulikuja na usafishaji wa mafuta yale kwa kaboni dioksaidi iliyo kimiminika. Kwenye nyuzi 25, kimiminika hicho kinasukuma ukuta wa chombo kwa takriban bar 64. Mpira uliozoea presha ndogo hunyonya gesi hiyo, na presha ikiachiwa ghafla, hutoka malengelenge na kupasuka. Zaidi ya hapo, kimiminika kikifungiwa kati ya koki mbili na jua likalipiga bomba, hakina pa kupanukia. Presha hupanda mpaka kitu kiachie. Kwa hiyo kila kipande cha bomba kinachoweza kufungwa pande zote mbili lazima kiwe na valvu yake ya usalama. Hata tundu lililo ndani ya tufe linahesabika, maana nalo hubaki na kimiminika koki ikifungwa.

Geji nazo zilitudai heshima mpya. Ndani ya nyingi mna ubunifu wa Mfaransa Eugène Bourdon wa mwaka 1849: kijibomba bapa kilichopindwa, ambacho presha ikiingia hutaka kunyooka, kama mpira wa bustani uliokunjwa unavyojinyoosha maji yakifunguliwa. Kijibomba hicho kinachoka. Ndiyo sababu kwa kazi ya bar 64 tunafunga geji inayoishia 100, ili mshale usiishi ukingoni. Karibu na pampu inayotetemeka tunafunga iliyojazwa glisarini. Kwenye mvuke wa boila tunatanguliza bomba lenye kitanzi, maji yatulie humo na kukinga kijibomba dhidi ya joto. Geji za zamani zilisoma psi, mpya zinasoma bar, na 60 ya ile ni kama 4 tu ya hii. Kwa hiyo tulikataa katakata kuchanganya aina hizo mbili kwenye mstari mmoja.

Jambo ninalowasisitizia vijana zaidi ni kwamba mshale ulio kwenye sifuri hauthibitishi kwamba chombo hakina presha. Huenda njia ya geji imeziba. Kabla ya kulegeza nati yoyote, fungua koki ya kutolea presha, hakikisha haijaziba, kisha linganisha na geji ya pili.

Siku hizi kila geji ina namba na tarehe ya kupimwa dhidi ya mizigo ya uzito unaojulikana, na valvu ya usalama hushushwa ikapimwe kabla haijalalamika. Wapo wenye viwanda wanaoona hizo ni gharama za bure, kwa kuwa hakuna kilichoharibika. Nawaambia bila kuficha: hakuna kilichoharibika kwa sababu gharama hizo zililipwa. Bajeti ikibana, punguzeni kingine. Koki na geji ni vitu vidogo vya bei ndogo, na ndivyo vinavyosimama kati ya vimiminika vyetu vya hatari na watu wa zamu.