Saini katika Kitabu cha Mazoezi

Maisha ya kazi ya muuguzi anayesimuliwa hapa hayaeleweki bila kwanza kukieleza chuo alikosomea, kwa kuwa miaka yake ya mwanzo wodini aliitumia kujifunza mambo ambayo ada ilikwisha kuyalipia. Kilikuwa chuo binafsi nchini Tanzania, chenye majengo mapya na ada iliyozidi sana ile ya vyuo vya serikali, na wazazi wake waliuza sehemu ya shamba ili kuilipa, kwani mikopo ya serikali kwa wanafunzi wa stashahada ilianza kutolewa katika mwaka wa masomo 2023/2024, wakati yeye amekwisha kuhitimu.

Stashahada ya uuguzi na ukunga husomwa kwa miaka mitatu, na aliyeipata akatimiza masharti husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2010, ilhali mwenye astashahada, yaani cheti cha ngazi ya chini yake, huandikishwa. Sehemu kubwa ya masomo hayo hufanyika hospitalini, na ushahidi wake ni kitabu cha mazoezi, ambacho huorodhesha kazi za mikono ambazo kila mwanafunzi anapaswa kuzifanya, kama vile kuweka kanula, kufunga kidonda na kuzalisha, na kila kazi hutiwa saini na muuguzi aliyeishuhudia. Saini hiyo ndiyo ahadi kuu ya taaluma nzima, maana mgonjwa hana njia nyingine ya kujua kama anayemgusa amewahi kuifanya kazi hiyo.

Katika chuo hicho ahadi hiyo haikuheshimiwa. Kila mwanafunzi wa ziada alikuwa ada ya ziada, lakini vitanda vya hospitali walikopelekwa havikuongezeka, kwa hiyo kundi zima liliingia katika leba moja, mmoja akampokea mtoto, wengine wakasimama ukutani, na jioni vitabu vya wote vikatiwa saini. Patografu, ambayo ni karatasi ya kufuatilia maendeleo ya uchungu wa uzazi, waliichora ubaoni. Philpott na Castle, waliokuwa wakifanya kazi Rhodesia, Zimbabwe ya leo, waliiwekea karatasi hiyo mwaka 1972 mstari wa tahadhari na, saa nne kulia kwake, mstari wa hatua, ili mkunga aliye mbali na daktari ajue mapema ni mama yupi wa kuhamishwa. Muuguzi huyu, akiwa bado mwanafunzi, aliweza kuichora mistari yote miwili bila kuangalia daftari. Kuweka kiganja tumboni na kuhesabu mikazo ndani ya dakika kumi, jambo ambalo bila hilo karatasi hiyo haikamiliki, hakuwahi kukufanya hata mara moja kabla ya kuajiriwa.

Alichokosa alikipata katika hospitali ya wilaya, kwa mkunga mkongwe aliyekuwa karibu kustaafu, ambaye hakumuuliza alisoma wapi. Mama huyo aliushika mkono wake akauweka mahali panapostahili, akamwachia ahesabu, akarudia kesho yake. Alimfundisha pia kumpumulisha kwa mfuko na barakoa mtoto aliyezaliwa bila kupumua, kazi inayopaswa kuanza ndani ya dakika ya kwanza, na kila wodi ilipotulia alimtaka aifanyie mazoezi upya kwenye mdoli. Hekima ya utaratibu huo ilithibitishwa na utafiti katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, ambako mafunzo ya siku moja yaliwafanya wahudumu wafanye vizuri zaidi kwenye mdoli lakini hayakubadilisha walichokifanya kwa watoto halisi, mpaka yalipoongezwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara papo hapo kazini.

Majuto ya muuguzi huyu, kwa hiyo, hayaishii katika shamba lililouzwa, ingawa hilo nalo lingali linamuuma. Yanawahusu zaidi akina mama waliojifungulia mikononi mwake katika miezi ile ya mwanzo, wakiwa wamemwita sista na kumwamini, na ambao hawakuwa na habari kwamba wao ndio mazoezi yake. Lawama kubwa, kwa maoni yake, inawastahili wanaopokea wanafunzi bila kuhesabu vitanda, na ni ajabu kwamba mzazi anayekwenda kukagua chuo huonyeshwa maabara ya kompyuta na mabweni, wala hatajiwi hospitali ambayo mwanawe atafanyia mazoezi.

Sasa yeye ndiye anayeletewa vitabu vya kutia saini. Hutia saini kwa kazi aliyoiona ikifanywa, basi, na zipo zamu ambazo mwanafunzi huondoka na ukurasa mtupu kwa sababu leba ina wakunga wawili na akina mama wengi kuliko wanavyoweza kusimamiwa, huku muhula unakwisha na ada ya mwanafunzi huyo imekwisha kulipwa yote.