Redio ya Mama

Wiki hii vyerehani tumevipumzisha, tukashika redio kaseti ya mama, National ya miaka ya 1980, iliyofubaa juu ya kabati na kanda haizunguki.

Mdogo wetu anaolewa Mfungo Mosi inshaallah, na mama ombi lake moja: asikie kanda ya ndoa yake. Siku ile baba alikuwa msikitini, yeye ndani, ami akarekodi ili bibi harusi naye asikie. Baba ameshatangulia mbele ya haki.

Tulipofungua tukakuta mpira wa kuzungushia umeyeyuka kama lami. Tukaufuta kwa spiriti na vijiti vya pamba, mikono ikawa ya fundi gari! Njia ya mpira tukaipima kwa uzi, kama tupimavyo kiuno, tukanunua mpya pungufu kidogo ili ukaze.

Rangi ndiyo iliyotutesa. Tulipiga msasa, tukaosha, tukaziba kioo cha stesheni kwa tepu ya karatasi, kisha kwa pupa tukapuliza nene, ikachuruzika. Msasa upya. Puliza nyembamba, uani, na barakoa. Tulichagua waridi, mama akauliza, "Na redio nayo inaolewa?"

Tukajaribu kwanza kanda isiyo na kazi, maana ile ikitafunwa hatuna nyingine. Alhamdulillah, ikaenda. Tukaweka yenyewe. Mkwaruzo, sauti ya sheikh, kisha baba, kijana kabisa, akisema amekubali.

"Rudisha," mama akasema.