Brownsburg: Karakana ya Sekunde Nne

Magharibi ya jiji la Indianapolis, katika jimbo la Indiana nchini Marekani, upo mji mdogo uitwao Brownsburg. Msafiri apitaye njia haoni la kumsimamisha: nyumba za familia, na majengo mapana yasiyo na madaha, mfano wa maghala. Lakini ndani ya majengo hayo ndimo yanamoundwa magari ya mbio za dragi, ambapo magari mawili hushindana kwenye njia iliyonyooka. Hata watu wa Qatar walifika huko. Timu yao ya Al-Anabi, yenye jina la rangi ya damu ya mzee iliyo katika bendera yao, ilitwaa ubingwa mwaka 2010, 2011 na 2013, ingawa madereva walikuwa Wamarekani.

Karakana ya timu ya John Force ni ya familia, baba na mabinti zake. Haifanani na gereji tulizozizoea, za oili sakafuni na miguu ya fundi ikichungulia chini ya matatu. Hapa sakafu hung'aa, na vyuma hupangwa kama vyombo vya arusi. Injini moja ina nguvu za farasi zipatazo 11,000, na mafuta yake si petroli bali nitromithani. Njia yenyewe ni futi 1,000 tu, yaani mita 305 hivi. Gari huimaliza kabla ya sekunde 4, likipita kasi ya kilomita 500 kwa saa. Kisha injini hufunguliwa yote, pistoni na sahani za klachi hubadilishwa, na yote hufungwa upya kwa muda wa saa moja hivi. Mama anayehesabu bei ya unga atauliza: israfu yote hii ni ya nini? Swali lake ni la haki, nami sina jawabu la kumridhisha.

Ila ipo sehemu moja ambapo swali hilo hunyamaza. Ni pale mabomba ya chuma yanapochomelewa yakawa kizimba, na ndani ya kizimba hukaa mwana wa mtu. Machi 2007, huko Gainesville, Florida, dereva wa timu hii, Eric Medlen, mwenye umri wa miaka 33, alikuwa akilijaribu gari. Tairi likaharibika, gari likatetemeka kwa nguvu za kutisha, na kichwa chake kikaumia vibaya mle mle kizimbani. Alifariki siku chache baadaye. Fundi mkuu wa gari lile alikuwa John Medlen, baba yake mzazi.

Ni baba gani angeshika tena spana? Medlen aliishika. Yeye na wenzake, wakishirikiana na wahandisi wa Ford, waliuchunguza mtetemeko ule: chuma hupinda wapi, kichwa hugonga nini. Kizimba kikapanuliwa, sponji zikaongezwa unene, na kazi hiyo ikapewa jina la mwanawe. Sisi tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutawakali. Nami kila nimwonapo kijana wetu wa bodaboda ametundika helmeti kwenye usukani, humkumbuka mzee huyu.

Misukosuko haikukoma. Septemba ya mwaka ule ule, gari la John Force mwenyewe lilikatika vipande huko Ennis, Texas, akaumia miguu na mikono. Na msimu huo huo wa msiba ndio binti yake Ashley alioanza kuendesha magari ya aina ile ile, yaitwayo Funny Car. Mama asomaye haya hahitaji kuelezwa usiku wa mamake Ashley ulikuwa wa namna gani.

Aprili 2008, karibu na Atlanta, Ashley akawa mwanamke wa kwanza kushinda katika kundi hilo. Gari lililosimama kando yake katika fainali lilikuwa la babake. Mapema 2011, akimtarajia mtoto wake wa kwanza, alishuka garini. Wadogo zake, Courtney na Brittany, wakapanda baada yake.