Kibuyu Kinapolia Kama Tarumbeta

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi wangu wa Mbinga kwamba tanzia huliza na ramsa huchekesha. Nilichora safu mbili ubaoni na kupiga mstari katikati. Mstari huo umefutwa na ngoma ya mganda.

Nilishuka kutoka milima ya Umatengo hadi Liuli, kandokando ya Ziwa Nyasa, kumaliza matanga ya mjomba. Wazee aliocheza nao wakajipanga safu kwa safu: kaptula nyeupe, soksi ndefu, tai shingoni. Mbele yao alisimama mmoja waliyemwita Kapteni, uso wake mkavu kama wa hakimu. Wakapiga hatua za gwaride polepole mno, huku wakivumisha vibuyu vyao. Kibuyu cha mganda hutobolewa tundu, likazibwa kwa utando wa buibui. Sauti ya mtu huingia humo ikiwa yake, ikatoka imekwaruza, kama ya aliyekwishazikwa. Watoto walicheka. Nami nilicheka, kisha nikashindwa kuendelea.

Hapo Liuli, Wajerumani walipopaita Sphinxhafen, Waingereza katika meli ya Gwendolen waliishambulia Hermann von Wissmann mwezi Agosti 1914. Vita vikapanda nchi kavu, na wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo ya majeshi. Wapagazi wengi waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Gwaride na bendi za wakubwa wale ziligeuzwa ngoma: pwani beni, kwetu mganda.

Baba yake bibi yangu alichukuliwa, hakurudi. Baba yake mdogo alirudi, akawa Kapteni wa mganda. Bibi alinisimulia kwamba kila alipomtazama akitembea kwa maringo mbele ya safu, alicheka hadi machozi yakamtoka. Nilikuwa mtoto, niliyaamini kuwa machozi ya kicheko.

Msomaji mpenzi, sasa nadhani wazee wale hawakuiga jeshi kwa kulihusudu tu. Walilivalisha tai wakalichezesha uwanjani, lile lililowala ndugu zao, na nafasi za wasiorudi wakazijaza kwa mlio wa vibuyu.

Kapteni aliamuru safu zisimame. Katika safu ya pili palikuwa na pengo, upana wa mtu mmoja. Hakuna aliyesogea kuliziba.